Ushuru wa nyumba: tumehesabu makato, tumezisahau kaunti

Tangu familia za kwanza zikabidhiwe funguo za nyumba mpya za Mukuru, Nairobi, Mei 2025, mjadala wa nyumba za bei nafuu, ambazo Serikali inazijenga kwa ushuru unaokatwa kwenye mishahara, umekwama mahali pamoja. Upande mmoja unasambaza picha za maghorofa yaliyopakwa rangi na kuuliza wako wapi waliosema hakuna kitakachojengwa. Upande wa pili unatoa hati ya mshahara na kuuliza kwa nini mwalimu wa Lodwar akatwe pesa za kumjengea mtu wa Nairobi ambaye hata hamjui. Pande zote mbili zinabishania mfuko wa mfanyakazi, na kwa hali ya maisha ilivyo sizilaumu. Lakini shilingi za makato ndizo sehemu ndogo ya habari hii. Kubwa ni kwamba ushuru wa nyumba umechimba mfereji mpya wa pesa unaopita kando ya kaunti, kwa ajili ya kazi ambayo Katiba iliigawia serikali kuu na zile za kaunti. Ujenzi ukiisha na wanasiasa wakishakata utepe, mtaa utahitaji maji, majitaka, taka kuzolewa na taa za barabarani. Mzigo huo utaangukia kaunti, na hakuna aliyezitengea fungu la kuubeba.

Ushuru wenyewe una historia fupi na yenye vurugu. Ulianza kwa Sheria ya Fedha ya 2023: mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Mwenye Sh50,000 hutoa Sh750, mwajiri Sh750, na Mamlaka ya Ushuru (KRA) hupokea Sh1,500. Novemba 2023 Mahakama Kuu iliuharamisha, ikisema hauna msingi kamili wa kisheria na unawabagua walioajiriwa rasmi. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa kuuongezea muda, makato yakasimama. Machi mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, Rais William Ruto akaitia saini, na makato yakarudi yakiwa yamepanuliwa hadi kwa mapato ya wasio na ajira rasmi. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu iliiidhinisha sheria mpya. Kwa hiyo anayeendelea kusema kwamba ushuru huu hauna sheria anapigana vita vya 2023. Unayo sheria, tena iliyoandikwa na watu wanaojua kazi yao, na hapo ndipo penye mambo.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali kuu sera ya makazi, likazipa kaunti mipango na maendeleo ya maeneo yao, nyumba zikiwa zimetajwa waziwazi humo. Ukisoma bila hila, Nairobi ya Ikulu inatunga mwelekeo na kaunti zinapanga na kujenga, au angalau zinajenga pamoja. Upande wa pesa, kifungu cha 202 kinataka mapato yanayokusanywa kitaifa yagawanywe kwa haki baina ya serikali kuu na kaunti 47, na kifungu cha 203 kinaweka kiwango ambacho kaunti haziwezi kupata chini yake: asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa. Lakini kipo kifungu cha 206, ambacho wananchi wachache hukisoma. Kinaliruhusu Bunge kutoa pesa nje ya mfuko mkuu wa Serikali na kuziweka katika hazina ya kazi maalumu. Na sheria ya Tume ya Ugavi wa Mapato, inapoeleza mapato ya kugawanywa ni yapi, inaziacha nje pesa za hazina za namna hiyo. Maana yake ni rahisi. Shilingi ile ile ya mshahara ikikusanywa kama kodi ya mapato, kaunti zina haki ya kupimiwa. Ikiitwa ushuru na kupelekwa katika Hazina ya Nyumba, inatoka kwenye mizani.

Mwaka 2024 ulionyesha jambo hilo likifanya kazi hadharani. Vijana walipoingia barabarani Juni kupinga kodi mpya na Mswada wa Fedha uliozibeba ukaondolewa, Serikali ilitafuta pa kupunguza. Mgao wa kaunti uliokuwa umeshapitishwa kuwa takriban Sh400 bilioni ulishushwa hadi Sh387.4 bilioni. Magavana walilia, Seneti ikavutana na Bunge la Taifa, na hatimaye kaunti zikameza. Ushuru wa nyumba haukuguswa hata senti, kwa sababu ulikuwa na sheria yake na hazina yake. Kumbuka pia kwamba hizo Sh387.4 bilioni, zinazotajwa kwa fahari kuwa karibu robo ya mapato ya taifa, zilipigiwa hesabu kwa mapato ya 2020/21, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa yamekaguliwa na kupitishwa na Bunge. Makato ya nyumba hayasubiri ukaguzi wa miaka minne iliyopita. Yanapimwa kwa mshahara wa mwezi huu na kufika KRA mwanzoni mwa mwezi ujao. Mgao wa kaunti, ambao kifungu cha 219 kinataka ufikishwe bila kucheleweshwa isivyofaa, hukaa miezi, na kila mwaka tunasikia Baraza la Magavana likitishia kufunga shughuli huku wauguzi na madaktari wakidai mishahara.

Wakenya wenye umri wameshaiona sinema hii. Sheria ya 1969 ya kuhamisha kazi iliyapokonya mabaraza ya kaunti shule za msingi, afya na barabara, pamoja na kodi iliyokuwa tegemeo lao, kwa hoja kwamba mabaraza yalikuwa yamefilisika. Kweli yalikuwa hoi. Ila hayakupona kwa kupokonywa. Yaligeuka ofisi za kutoza ada sokoni na kusubiri barua ya waziri. Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa 1983 na jiji likaendeshwa na tume ya walioteuliwa hadi 1992. Mnamo 1999 ikaja hazina ya LATF, iliyoyapa mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato, nayo ilikuja na masharti ya wizara. Hata baada ya ugatuzi mkono ule ule ulirudi: Februari 2020 kazi kadhaa za Kaunti ya Nairobi zilihamishiwa serikali kuu, na Mamlaka ya Huduma za Nairobi chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi ikaendesha jiji hadi 2022. Ilichimba visima na kutengeneza barabara za mitaa ya mabanda, na wakazi wengi waliisifu. Ilipoondoka, gavana mpya alirithi kazi zile zile na kasha lile lile la madeni.

Kuhusu makazi yenyewe, jaribio la serikali kujenga kwa wingi na kuuachia mtaa kujitunza tumeshalifanya, na matokeo yake yapo Eastlands kwa anayetaka kutembea. Dandora ilianza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikiwa na ploti zipatazo 6,000. Aliyepewa ploti alikuta choo na bafu, vyumba akamalizia mwenyewe kadiri alivyojaliwa. Umoja ilikuja kipindi hicho hicho, mkopo wake ukiwa umedhaminiwa na Marekani. Yalikuwa mawazo mazuri, hata leo ningeyatetea. Mabomba lakini yalilazwa kwa ajili ya nyumba za chini zenye familia moja moja. Miaka ilivyokwenda, wenye ploti waliuza au wakapandisha ghorofa nne, tano, saba, kila sakafu vyumba vya kupangisha, na mtaro wa majitaka ukabaki ule ule. Jamaa yangu anayeishi Umoja ana mfereji jikoni uliokauka hata ukashika kutu. Maji hununua kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa kijana wa mkokoteni, na mvua ikinyesha kifuniko cha majitaka mbele ya lango lao huinuka chenyewe. Ukipita Kaloleni au Mbotela, mitaa ya jiji tangu ukoloni, utaona kila nyumba imeotewa na kibanda cha mabati ubavuni ambacho mpangaji naye amempangisha mwingine. Nyumba hizo zilijengwa imara. Kilichokosekana kila mara ni mwenye nyumba aliye na mapato na madaraka ya kuzitunza baada ya wafadhili kwenda zao.

Sasa tuje kwa wanaounga mkono mpango wa leo, kwa sababu wana hoja, na moja ni nzito. Wanasema: kaunti hizo unazozililia ndizo hizo zenye madeni ya zaidi ya Sh150 bilioni kwa wanakandarasi na wauzaji bidhaa, na karibu nusu yake ni ya Nairobi peke yake. Ripoti za Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu zinaonyesha mwaka baada ya mwaka miradi iliyolipiwa isiyoonekana. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti Margaret Nyakang'o zinaonyesha kaunti ambazo mishahara inapita kiwango cha asilimia 35 huku maendeleo yakiambulia makombo. Mpe gavana wa namna hiyo pesa za nyumba, wanauliza, kisha uone atajenga nini zaidi ya lango la makao yake. Sina jibu la kuifuta hoja hii, kwa kuwa ni ya kweli. Lakini inathibitisha haja ya usimamizi, haithibitishi haja ya kuzipita kaunti. Katiba haikuiacha serikali kuu mikono mitupu: kifungu cha 225 kinaruhusu kusimamishwa kwa pesa za kaunti inayovunja sheria vibaya, hadi nusu yake, kwa siku zisizozidi 60, Bunge likiidhinisha. Kifungu cha 192 kinaruhusu hata kuisimamisha kaunti nzima. Makueni ilikaribia hapo 2015, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuisimamisha. Zana zipo. Anayesema njia pekee ya kuzuia wizi wa kaunti ni kuipa serikali kuu kila kitu atueleze ripoti za mkaguzi huyo huyo kuhusu wizara za Nairobi amezisoma kwa miwani gani.

Hoja ya pili ni ya wingi na kasi. Ukijenga maelfu ya nyumba kwa mpango mmoja unanunua saruji, milango na vyuma kwa bei ya jumla, mafundi wa jua kali wanapata oda za kueleweka, na mwenye kipato kidogo anapata bei ambayo soko lisingempa kamwe. Hii naikubali karibu yote. Kaunti zilizojaribu zenyewe hazikuwafikia maskini kwa urahisi. Mombasa ilibomoa mtaa wa zamani wa Buxton na kujenga upya kwa ubia na mwekezaji. Majengo yamesimama na yanapendeza, lakini mwekezaji anataka faida yake, na wapangaji wa zamani walilalamika kwamba bei iliwapita. Kaunti isiyo na mtaji ikijenga itaishia kumtumikia mwenye mtaji. Kwa hiyo naona haki kabisa pesa zikusanywe kitaifa. Sheria pia imewaweka wa kipato cha chini ya Sh20,000 katika kundi lao la nyumba za kijamii, na hilo ni jambo la maana kuliko wakosoaji wanavyokiri. Ninachokataa ni kuruka kutoka "pesa zikusanywe kitaifa" hadi "uamuzi wote ufanywe kitaifa" kana kwamba ni sentensi moja. Sheria imeunda kamati za nyumba za kaunti, ndiyo, zipange na kupendekeza. Ufunguo wa hazina umebaki kwa bodi iliyo Nairobi, na kamati isiyo na pesa yake kazi yake ni kuandika barua.

Iko hoja ya tatu, na ndiyo inayosikika zaidi kwenye mikutano ya hadhara ingawa ndiyo dhaifu kuliko zote: kaunti zinajengewa bure, zinalalamikia nini? Gavana anayethubutu kuuliza swali huambiwa anapinga maendeleo ya watu wake. Hebu tuipige hesabu hiyo "bure". Penye ardhi ya kaunti, ardhi imetoka kwa kaunti, na ardhi ya katikati ya mji ndiyo mali pekee ya thamani ambayo kaunti nyingi zinayo. Ikishajengwa na vyumba vikauzwa kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo, haitarudi. Halafu wanahamia watu elfu tatu, elfu nne, mahali palipokuwa na nyumba za sakafu moja. Usambazaji wa maji na majitaka ni kazi ya kaunti. Taka, kazi ya kaunti. Zahanati, kazi ya kaunti. Chekechea, kazi ya kaunti. Hata kama jengo la darasa limekuja na mradi, mwalimu analipwa na kaunti. Zimamoto ni kazi ya kaunti, na ghorofa ya kumi haizimwi kwa ndoo. Kaunti imekuwa kama mwenye uwanja ulioazimwa kwa harusi ya mtu mwingine: picha zimepigwa, wageni wameondoka na zawadi, yeye ameachiwa masufuria.

Angalau, mtu atasema, kaunti itapata kodi ya ardhi na majengo kutoka kwa nyumba hizo. Ingekuwa nafuu kubwa. Kodi hiyo na ile ya burudani ndizo kodi mbili ambazo kifungu cha 209 kimezitaja kwa jina kuwa za kaunti. Kodi ya mapato, VAT na forodha zote ni za serikali kuu. Lakini kwa miaka mingi serikali kuu yenyewe imekuwa miongoni mwa wadaiwa sugu wa kodi ya ardhi Nairobi, na deni hilo hufufuliwa kila gavana na waziri wanapokosana kisha hulala tena. Sheria mpya ya kodi za majengo iliyopitishwa mwishoni mwa 2024 iliondoa sheria za enzi ya ukoloni, na inaweza kusaidia kaunti zilizosasisha daftari la thamani za ardhi zake. Hata hivyo, mkazi wa chumba kimoja Mukuru ambaye ndiyo kwanza anaanza kulipa mkataba wa miaka mingi hatageuka mlipa kodi mkubwa kesho. Kwa muda mrefu nyumba hizi zitaigharimu kaunti zaidi ya zitakavyoiingizia, na hilo si kosa la mkazi. Nyumba za wanyonge ndivyo zilivyo duniani kote, na ndiyo sababu zinahitaji ruzuku ya kila mwaka ya utunzaji, ambayo ni kitu tofauti na ruzuku ya kujenga.

Mfereji mpya nao haukuishia kwenye nyumba. Mpango huu huu sasa unajenga masoko katika miji mingi nchini. Wauza mboga wameyapokea kwa shangwe na sitawalaumu, maana aliyeuza sukumawiki kwenye matope miaka 20 hana haja ya kujua paa limetoka kifungu gani. Ila masoko ni kazi ya kaunti katika Jedwali la Nne, bila utata wowote. Tumeona pia vita vya ushuru wa barabara unaotozwa kwenye mafuta, uliopandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita Julai 2024: magavana wakadai Sh10.5 bilioni kwa kuwa barabara za mashinani ni zao, wabunge wakasema pesa hizo zibaki kwa mashirika ya kitaifa, wakaishia mahakamani. Ukiziweka hadithi hizi tatu pamoja unaona mtindo. Kazi inabaki kwa kaunti kwenye karatasi. Pesa yake inapewa jina la ushuru na kufungiwa katika hazina maalumu. Mradi unazinduliwa na serikali kuu, na gavana anaalikwa kutoa salamu. Hakuna aliyerekebisha Katiba, hakuna kura ya maamuzi iliyopigwa, na bado uwiano wa 2010 unasogea.

Wanaoathirika kwanza hawatakuwa magavana, ambao wana magari na walinzi wao. Ni mkazi atakayekuwa na malalamiko asijue ayapeleke wapi. Lifti ikikwama ghorofa ya nane, mwakilishi wadi atasema jengo si la kaunti. Bodi ya nyumba itasema usimamizi umekabidhiwa kampuni. Kampuni itasema ada ya huduma haitoshi kwa sababu nusu ya wakazi hawajalipa. Majitaka yakifurika, kampuni ya maji ya kaunti itasema haikushirikishwa mabomba yalipolazwa. Kila mmoja wao atakuwa anasema kweli kwa upande wake.

Dawa haihitaji kuua mpango wala kuzipa kaunti hundi isiyo na masharti. Kifungu cha 187 tayari kinasema kazi ikihama kutoka serikali moja kwenda nyingine, rasilimali zihame nayo, na kifungu cha 189 kinazitaka serikali hizi mbili zishirikiane. Kila mradi unaojengwa uwe na makubaliano yaliyoandikwa na kuchapishwa kabla ya tingatinga kufika: ardhi ni ya nani na imekadiriwa thamani gani, mabomba yatapanuliwa na nani kwa fungu lipi, ada ya huduma itasimamiwa na nani. Sehemu ya Hazina ya Nyumba, iliyowekwa kwenye sheria wala si kwa hisani ya waziri, iende kila mwaka kwa kaunti zenye nyumba hizo kwa ajili ya maji, majitaka na zimamoto, na itolewe kwa kaunti iliyofunga hesabu zake ikakaguliwa; isiyokaguliwa isubiri. Magavana hawatalipenda sharti hilo la mwisho, na bodi haitaipenda sehemu ya kwanza.

Seneti ndiyo iliyoundwa kuzilinda kaunti, na kila mwaka Mswada wa Ugavi wa Mapato hupita mikononi mwake. Mpaka sasa maseneta wamezoea kubishania tarakimu moja tu, ile ya mgao, bilioni kumi juu au chini. Mswada ujao ukifika, waanze kwa kudai orodha ya kila ushuru unaowekwa nje ya mizani kwa kifungu cha 206, kiasi kilichokusanywa, na ni kazi ya nani ya Jedwali la Nne inayolipiwa nao. Orodha hiyo KRA inaweza kuitoa kwa siku moja.